Mstari wa Mwisho wa Ijumaa

Mwamvua alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote aliandika saa isiyo ya kweli mara moja tu. Aliiandika siku ya Ijumaa, kwa kalamu ya bluu, mbele ya msichana aliyesimama na ndara moja mguuni.

Bweni lilikuwa la chuo kimoja cha watu binafsi upande wa Usagara: ghorofa mbili, vitanda mia moja na ishirini na vinne, lango moja. Lango lilifungwa saa moja jioni. Kila aliyeingia aliandika jina lake na namba ya chumba katika daftari, akatia sahihi. Saa iliandikwa na matroni mwenyewe, akiisoma ukutani. Kazi hiyo hakumwachia mlinzi wala mwanafunzi. "Jina ni lako," alizoea kuwaambia wa mwaka wa kwanza, "saa ni yangu." Aliyechelewa mara mbili bila ruhusa aliondolewa bwenini. Kanuni hiyo ilibandikwa juu ya meza yake, na chini yake nyingine, kwa mwandiko wake mwenyewe: mtumishi atakayeghushi daftari atapoteza kazi.

Ijumaa ile Tuhfa Ame aligonga lango saa tatu na dakika kumi. Alikuwa wa mwaka wa pili, mtoto wa mkulima wa karafuu wa Wete, Pemba, na alikwisha kuchelewa mara moja mwezi Machi, boti ilipochelewa. Hii ingekuwa ya pili. Tanga hakuwa na jamaa wa kumlaza hata siku moja, na mtoto wa Pemba aliyetolewa bwenini hurudi kwao, na akirudi harejei tena chuoni.

Mwamvua aliliona buibui lililokaa kombo, akauona ule mguu mtupu wenye vumbi hadi kwenye kifundo, akauona uso. Hakuuliza. Alilelewa na bibi yake Tongoni, na kwao mtu anayerudi katika hali ile haulizwi mlangoni. Husitiriwa kwanza, akapewa maji ya kunywa. Maneno, kama yapo, yatakuja yenyewe. Basi akamsogezea daftari. Tuhfa aliandika jina kwa herufi zilizopanda na kushuka. Mwamvua akaandika pembeni: 12:50 jioni. Dakika kumi kabla ya lango kufungwa.

"Nenda kalale, mwanangu," alisema.

Maneno yalikuja Jumapili, saa nane mchana. Tuhfa alimfuata katika stoo ya mashuka, akarudisha mlango, akasema yote akiwa amesimama, bila chozi, kama anayesomewa orodha akairudia.

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, alikwenda Nguvumali nyumbani kwa mkufunzi Nasri kuchukua barua yake ya mafunzo kwa vitendo. Mkufunzi alikuwa amemwambia muhuri hauko ofisini, uko nyumbani, na kwamba mke wake yupo. Mke hakuwepo. Mkufunzi alifunga mlango kwa ufunguo. Alichomfanyia Tuhfa alikitaja kwa neno moja, la kiserikali, kama lilivyoandikwa kwenye bango la zahanati. Adhana ya isha ilimpita akiwa mle ndani. Aliachiwa saa mbili na nusu. Aliogopa kupanda bodaboda, maana dereva angekuwa mwanamume, akatembea. Ndara ikamkatikia njiani, akaiacha.

"Umeoga?" Mwamvua aliuliza.

"Mara nne, bi mkubwa. Usiku ule ule. Ningesali vipi?"

"Nguo?"

"Nimezifua. Zimeshakauka."

Mwamvua hakumlaumu. Msichana yeyote wa pwani ile angefanya vivyo hivyo, na kama angekuwa na mama karibu, mama ndiye angemmwagia maji. Lakini alijua kilichokwenda na maji yale. Polisi sasa hawangekuwa na nguo wala alama ya maana mwilini. Wangekuwa na maneno ya Tuhfa na saa alizozitaja.

Alihesabu. Tangu Ijumaa magharibi hadi wakati ule zilikuwa saa arobaini na nne. Dawa ya kuzuia virusi huanzwa kabla ya sabini na mbili; hilo alilisikia kwenye semina ya matroni na hakulisahau, kwa sababu lilikuwa namba.

"Pole," alisema. "Kosa si lako. Vaa viatu, tunakwenda hospitali."

Kwenye kituo cha mkono kwa mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, muuguzi alimpa Tuhfa dawa za siku ishirini na nane kwanza na fomu ya polisi baadaye. Askari wa dawati la jinsia, Koplo Precious, aliitwa akaja amevaa kiraia, akachukua maelezo polepole, akimwacha Tuhfa anyamaze anapotaka kunyamaza. Alipofika mwisho akauliza, "Na bwenini uliingia saa ngapi?"

Tuhfa alimtazama Mwamvua. "Saa tatu na dakika kumi," alisema.

Koplo akaandika. Hakumuuliza Mwamvua lolote, na Mwamvua hakusema lolote. Alijiambia atasema akiulizwa. Kosa la Ijumaa alikuwa amelipa jina, aliliita huruma. Hili la Jumapili hakulipa jina.

Jumatano asubuhi Bwana Castory, mlezi wa wanafunzi, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa vicheko, mnene, aliyependa kufungua kila mazungumzo kwa mzaha, hata ya msiba.

"Bi Mwamvua! Karibu, karibu. Wewe mwanamke, Tanga nzima ingefuturu kwa saa yako."

"Nimeitwa kwa kufuturu, Bwana Castory?"

"Umeitwa kupongezwa." Alimsukumia karatasi mbili zilizopigwa chapa. "Polisi walimhoji Nasri juzi. Huo utetezi wake. Soma pale kwenye aya ya tatu."

Mwamvua alisoma. Nasri alikiri kwamba mwanafunzi alifika kwake Ijumaa saa kumi na moja na nusu. Alimpa barua mlangoni, naye mwanafunzi akaondoka baada ya dakika kumi. Mwanafunzi anadai alifungiwa ndani hadi saa mbili na nusu usiku. Daftari la bweni, lisilo na shaka, linaonyesha kwamba saa kumi na mbili na dakika hamsini alikuwa amekwisha kuingia. Anayesema uongo juu ya saa, aliandika Nasri, hana la kuaminika juu ya yaliyobaki.

"Umeona?" alisema Castory. Alinyanyua simu yake na kumwonyesha picha: mstari mmoja wa daftari, jina la Tuhfa na saa, umekatwa vizuri juu na chini. "Nilipita mezani kwako juzi ukiwa unagawa mashuka, nikaupiga picha. Kesho saa nne kamati ya nidhamu inakaa. Wewe uje na daftari, useme mwandiko ni wako, basi. Dakika mbili tu."

"Na Tuhfa?"

"Kumzushia mkufunzi ni kufukuzwa chuo, unajua. Mimi binafsi ningemwacha aondoke kimyakimya, asitiriwe. Mtoto wa watu." Akashusha sauti, uso wa kicheko ukiwa umetulia. "Na polisi wakipata nakala, kesi itajifia yenyewe. Chuo kitapumua. Wewe umetuokoa, Bi Mwamvua."

Alirudi bwenini kwa miguu ingawa jua lilikuwa kali. Aliketi mezani, akafungua daftari ukurasa wa Ijumaa, akautazama kwa muda. Jina la Tuhfa lilikuwa mstari wa mwisho. Juu yake palikuwa na jina la Asmahani, wa chumba namba tisa, aliyekuwa zahanati kwa ruhusa ya maandishi. Mwamvua alifunga daftari, akalifungia kabatini, na ufunguo akautia kwenye pindo la kanga.

Alifikiri alichonacho. Chumba anacholala kilikuwa cha chuo. Kazi ilikuwa ya chuo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, na matroni aliyefukuzwa kwa kughushi haajiriwi na chuo kingine. Upande wa pili kulikuwa na msichana mmoja na neno lake. Aliyaweka mambo hayo mawili kichwani kama mtu anayelinganisha vipimo, akaona hayako kwenye kipimo kimoja, akaacha.

Adhuhuri simu ililia. Alikuwa Kazija, mama mdogo wake Tuhfa, kutoka Wete.

"Bi Mwamvua, as-salaam alaykum. Bwana mmoja wa huko chuo katupigia. Kasema mtoto kaingia kwenye fitina."

"Hakuingia kwenye fitina. Amefanyiwa uovu."

Sauti ya upande wa pili ikashuka. "Hilo twalijua. Mie nimemjua tokea sauti yake. Lakini neno hili likishafika bandarini, lafika Wete kabla ya boti. Mrejeshe, dada yangu. Tumsitiri sisi."

"Na yule mwanamume?"

"Yeye ana Mungu wake."

"Ana na wanafunzi wengine arobaini darasani," Mwamvua alisema. Baadaye aliona amemjibu kwa ukali mwanamke ambaye hakusema lolote ambalo yeye mwenyewe hakulitenda Ijumaa.

Alasiri Tuhfa alikuja. Alikuwa ameshasikia, bwenini hakuna siri inayovuka kutwa. Alisimama mbele ya meza, chini ya zile kanuni mbili.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Nimetapika, nikanywa tena kama alivyosema muuguzi." Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Bi mkubwa, nimefikiri. Kesho n'tasema nimekosea saa. N'tasema n'lichanganyikiwa, n'liingia kabla ya lango kufungwa."

"Ukisema hivyo, yeye ametoka."

"Najua."

"Basi kwa nini useme?"

"Kwa sababu wewe huna pa kwenda. Na wewe ndiye uliyenifungulia lango." Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa sauti yake ilikatika. "Wengine wangeniuliza kwanza."

Mwamvua alikuwa mtu asiyependa kushika watu. Aliinuka, akavuta kiti cha wageni, akamketisha, kisha akarudi upande wake wa meza.

"Nisikilize. Uliingia saa ngapi?"

"Bi mkubwa..."

"Nimekuuliza saa."

"Tatu na kumi."

"Basi hiyo ndiyo. Usimsogezee mtu yeyote hata dakika moja, hata mimi. Saa ni yangu, nilishawaambia. Nitaibeba mwenyewe."

Usiku huo hakuandika lolote ila saa za waliorudi. Alhamisi saa mbili asubuhi alimpigia Koplo Precious. "Kamati inakaa saa nne," alisema. "Njoo, na uje na hati ya kuchukua kielelezo." Koplo aliuliza kielelezo gani. "Daftari," alisema Mwamvua, akakata.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na feni mbili, moja haikuzunguka. Wajumbe walikuwa watano, Castory akiwa mwenyekiti. Nasri aliketi karibu na dirisha, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa vizuri, kofia ya kushonwa kwa mkono mapajani. Alimwamkia Mwamvua kwa adabu. "Shikamoo, mama." Mwamvua aliitikia, kwa kuwa salamu ni haki. Koplo Precious aliketi nyuma karibu na mlango. Castory alipomwona kicheko chake kilipungua, lakini hakuwa na sababu ya kumtoa. Tuhfa aliachwa nje kwenye benchi, aitwe atakapohitajika.

"Tusipoteze muda," alisema Castory. "Bi Mwamvua, sote twakufahamu. Mwandiko huu wa saa, ni wako?"

"Ni wangu."

"Ahsante sana. Basi nadhani..."

"Saa yenyewe si ya kweli."

Castory alitabasamu kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. "Bi Mwamvua, labda swali hukulielewa."

"Nimelielewa. Tuhfa Ame aliingia saa tatu na dakika kumi usiku. Niliandika saa kumi na mbili na dakika hamsini ili asihesabiwe kuchelewa. Sikujua alikotoka. Niliona hali yake nikamsitiri. Nilikosea."

Mjumbe mmoja aliweka kalamu chini. Nasri aliinua mkono taratibu, kama mwanafunzi.

"Mwenyekiti, kwa heshima zote. Mama huyu ni mtu mzima, simvunjii adabu. Lakini tangu Jumapili yuko na msichana huyu, hospitali, polisi, kila mahali. Leo ndiyo anakumbuka? Ama jana alikuwa mwongo, ama leo ni mwongo. Mimi nihukumiwe kwa lipi kati ya hayo?"

Lilikuwa swali zuri, na Mwamvua alikuwa amelitarajia. Wajumbe wawili walitikisa vichwa kukubali. Aliweka mikono juu ya daftari.

"Mkufunzi amesema kweli," alisema. "Mtu aliyeandika uongo asiaminiwe kwa mdomo. Msiniamini mimi. Someni daftari."

Akalifungua, akaligeuza liwaelekee.

"Bwana Castory alipiga picha mstari mmoja. Mimi naomba msome na ulio juu yake. Kwa sauti, tafadhali."

Mjumbe aliyekuwa karibu, mwalimu mzee wa hesabu, alivaa miwani. "Asmahani, chumba namba tisa. Kwa ruhusa, zahanati. Ameingia..." Alisita. "Saa mbili na dakika ishirini usiku."

"Na unaofuata?"

"Tuhfa Ame. Saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni."

"Daftari hili hujazwa kutoka juu kwenda chini. Mistari ina namba zilizochapwa. Hakuna nafasi ya kupachika jina katikati. Jina na sahihi ni vya mwanafunzi mwenyewe. Sasa mwalimu, aliyeingia saa kumi na mbili na dakika hamsini aliwezaje kutia sahihi chini ya aliyeingia saa mbili na dakika ishirini?"

Mwalimu wa hesabu alirudia kusoma, kidole kikishuka kutoka mstari hadi mstari. "Hawezi," alisema. "Alikuja baada ya huyu."

"Asmahani yuko darasani. Muulizeni kama jina la Tuhfa lilikuwa daftarini alipotia sahihi."

Nasri aliivaa kofia yake, kisha akaivua. "Kuja baada ya saa mbili na ishirini hakusemi alikuwa kwangu," alisema, lakini alisema kwa haraka.

"Hapana," alisema Koplo Precious kutoka nyuma. Alikuwa ameinuka. "Hilo tutakuuliza sisi. Mimi nina swali dogo tu. Mama, daftari hili linakaa wapi?"

"Mchana mezani kwangu. Usiku kabatini, kwa ufunguo."

"Mkufunzi anaruhusiwa kulisoma?"

"Mwanamume haruhusiwi kupita lango, ila mlezi wa wanafunzi."

"Basi utetezi wake umenukuu saa ya kwenye daftari. Aliipataje?"

Simu ya Castory ilikuwa juu ya meza, aliigeuza kifudifudi. Mjumbe mmoja mwanamke alimtazama, akaandika kitu.

Castory alisafisha koo. Mzaha ulikuwa umemwisha. "Bi Mwamvua, unaijua kanuni ya kughushi daftari?"

"Niliiandika mimi."

"Basi unajua kwamba tangu sasa hivi..."

"Najua."

Alichukua kalamu ya bluu kutoka kwenye mfuko wa gauni. Kosa katika daftari halifutwi. Hupigwa mstari mmoja, likasomeka chini yake, ukaandika lililo sahihi na jina lako. Miaka kumi na tisa aliwafundisha wasaidizi hivyo. Lakini Koplo Precious alikuwa amekwisha kuufikia ukurasa na kuuwekea kiganja.

"Usiliguse, mama. Liache lilivyo, na uongo wake. Mahakama italitaka hivyo hivyo."

Mwamvua alirudisha kalamu mfukoni. Ilimwia vigumu kuliko kila kitu alichokisema asubuhi ile.

Nje, Tuhfa alikuwa bado kwenye benchi, mgongo umenyooka, mkoba mapajani. Alikuwa amesikia viti vikisukumwa na hakujua maana yake.

"Hawajaniita," alisema.

"Leo hawatakuita. Kikao kimeahirishwa. Koplo anataka maelezo yangu kituoni, na yako ayapitie tena. Utakwenda?"

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Saa ngapi?"

"Tatu na kumi."

Tuhfa alitazama chini. Pumzi ilimtoka polepole, ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Hakusema ahsante, na Mwamvua alishukuru kwamba hakusema.

"Watakutoa?"

"Jumamosi nikabidhi chumba. Nina dada Tongoni." Alimtazama. "Kesi inaweza kwenda mwaka, Tuhfa. Inaweza kwenda miwili, na inaweza kushindwa. Wakili wake atakuuliza mambo ya kukuchoma. Sitakuambia vingine. Lakini kila siku ya mahakama nitakuwepo, na dawa zako zimebaki siku ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu na nusu," alisema Tuhfa. "Ya jioni bado."

Walipita kwanza bwenini, Tuhfa akachukua dawa ya jioni. Walipofika langoni kutoka, msaidizi wa bweni, Ruthi, alikuwa amepewa meza dakika chache kabla, pamoja na daftari jipya ambalo gundi yake ilikuwa bado inanuka. Tuhfa aliandika jina lake katika safu ya wanaotoka, herufi zikiwa wima. Kisha Ruthi, uso umemwiva kwa haya, alimsogezea Mwamvua upande wa wageni. Mwamvua akatia sahihi.

"Niandike saa ngapi, mama?" Ruthi aliuliza kwa sauti ya chini, kalamu hewani.

Ilikuwa saa tano na dakika nane.

"Itazame ukutani," Mwamvua alisema, akamfungulia Tuhfa lango.